Zege la Mifupa

Jumatatu, 3 Juni

Leo daktari kanionyesha picha ya mifupa yangu. Ina vitundu kama sifongo. Ananionyesha mimi, mwashi niliyejenga nusu ya mtaa huu. Nusu nyingine nilikataa mwenyewe, wenye viwanja walikuwa wabishi.

Chanzo ni ubavu. Nilipiga chafya, ukavunjika. Umeshapona. Kijiweni wanajua niliangukiwa na ukuta nikauzuia kwa kifua. Habari za chafya haziwahusu.

Daktari akasema dawa zipo. Nikasema dawa nisiyoweza kuitaja jina, tumbo langu halitaipokea. Akacheka. Akasema sawa, hali bado si mbaya sana, tujaribu chakula, vidonge vya kalsiamu na vitamini D, na mazoezi. Picha nyingine mwakani. Ila kupanda jukwaa la ujenzi, marufuku mpaka Jumatatu ijayo nipimwe na dada wa mazoezi. Niinuke kitini bila kushika popote, nisimame kwa mguu mmoja.

Binti yangu alikuwa pembeni, kasikia kila neno. Anajenga ghorofa, umebaki ukuta mfupi wa juu, wa kuzunguka paa. Akasema Baba, ukishindwa mtihani namwita Timazi.

Timazi ni mwashi mwenzangu. Kapewa jina hilo kwa sababu anatembea wima kama ile kamba ya kupimia ukuta. Tumeshindana tangu meno yetu yakiwa kamili. Na mifupa yake inaumwa ugonjwa huu huu, kwa daktari huyu huyu. Nyumba ya mwanangu imaliziwe na Timazi? Labda nikiwa nimeshazikwa, na hata hapo nitagonga jeneza.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza. Maziwa jagi zima. Dagaa na vichwa vyao. Maganda ya mayai nimeyatwanga kwenye kinu cha mke wangu, nikayachekecha kama mchanga wa lipu, nikakorogea uji. Vidonge nimeandikiwa kimoja kwa siku, nimemeza vya wiki kwa mpigo. Zege ukilibania simenti linamomonyoka.

Mke wangu akauliza huu mchanga kwenye kinu chake umetoka wapi. Nikamwambia hiyo ni mifupa. Akaenda kupika kwa jirani.

Jioni kapita Timazi, mwendo wa kasi, chupa ya maji kila mkono, anainua anashusha. Akaniuliza mzee mwenzangu, umekaa hapo unasubiri wageni? Nikamjibu ng'ombe akizeeka maini hayazeeki. Akasema hujavunjika maini, umevunjika ubavu, tena kwa chafya.

Nani kamwambia? Namshuku mke wangu. Kwa jirani hakwendi kupika tu.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua kitu ambacho hata daktari hakijui. Huyu anamwaga kalsiamu ndani ya mtu, halafu anamwambia atembee. Wewe, nani anatembea juu ya zege bichi? Zege likishamwagwa linafunikwa magunia, linanyweshewa maji, linaachwa litulie. Ukilitikisa linapasuka. Ndiyo maana mifupa ya wazee haiponi, wanaitembeza kabla haijashika.

Basi nimejilaza uani, nimefunikwa magunia mabichi kuanzia shingoni. Nimemwomba mke wangu aninyweshee asubuhi na jioni. Kanimwagia ndoo nzima kwa wakati mmoja, akauliza na mchicha apande?

Jua zuri. Daktari mwenyewe kasema jua lina vitamini.

Saa nne kaingia jirani kuazima chujio. Kuona miguu imetokeza chini ya magunia, kavua ndala, kakaa chini, kaanza kulia. Nikamwambia mama, chujio liko jikoni. Kakimbia, ndala kaziacha.

Mchana walishafika watu wa rambirambi. Nimewapokea nikiwa nimelala. Mmoja kaniambia nimepungua.

Alhamisi, 6 Juni

Zege limeshika. Lakini si mifupani. Tumboni.

Sitaki kueleza sana. Tangu juzi sijapata choo. Nimekaa kule nikiomba dua zote ninazozijua, na nyingine nimezitunga.

Mwenye duka la dawa kasema vidonge vingi ndivyo hufanya hivyo, na maganda yale yameongezea. Nimeze kimoja tu, ninywe maji, nile papai, nitembee. Kutembea tena! Hawa watu wote wamesoma shule moja.

Nimekula papai. Kutembea nimekataa. Mke wangu kasema sikio la kufa halisikii dawa. Nimemwambia dawa ndiyo hiyo tuliyoikataa, asinichanganye.

Ijumaa, 7 Juni

Papai limeshinda. Tusonge mbele.

Binti kaja, kanikuta chini ya magunia. Kachuchumaa akaniambia Baba, ule ukuta nimeuacha makusudi, nataka uumalize wewe, watoto wangu waje kuambiwa babu yao aliwawekea kichwa cha nyumba. Basi amka ufanye mazoezi, nakuomba. Machozi yalimlengalenga. Na mimi pia, ila kwangu yalikuwa maji ya magunia.

Alipoondoka nilimwita Timazi. Nikamweleza siri ya zege, kwa upendo, mtu na mshindani wake. Nikamkaribisha gunia. Hesabu yangu ni kwamba akilala siku mbili tatu miguu yake italegea. Yangu haitalegea maana mimi ninajenga, yeye atakuwa amelala tu.

Akalala kweli. Akakoroma. Akaamka, akasimama mguu mmoja kuvaa kiatu, akasimama wa pili kuvaa kingine, akaniambia ahsante, mgongo ulikuwa umechoka.

Jumatatu, 10 Juni

Mtihani. Nilijipanga. Nilikwenda na stuli yangu mwenyewe, ndefu, nimeipigilia vipande vya mbao miguuni. Ukiikalia, umeshasimama. Nikamwambia dada wa mazoezi mimi kiti cha watu sikalii, ni mila za kwetu. Mke wangu akasema hakuna mila kama hiyo. Mwanamke umemwoa mwenyewe!

Nikakalishwa kiti cha pale, kifupi. Nikajikusanya nikasukuma. Mwili ulisikia, miguu haikusikia. Siku zote zile za kulala ziliigeuza uji. Nikasukuma tena, kiti kikateleza nyuma, mimi nacho. Waliniinua watu wawili. Ule wa mguu mmoja hatukuufikia.

Dada akasema kwa upole, baba, mfupa haubadiliki kwa wiki, lakini miguu hulegea kwa wiki. Anza leo, njoo tena baada ya miezi michache.

Timazi, naye kaja kupimwa siku hiyo hiyo, kainuka kitini kama aliyesikia wimbo wa taifa.

Jumanne, 11 Juni

Timazi yuko jukwaani. Nimekaa chini nimefumba jicho moja nitafute tofali lililopinda. Sijaliona. Jicho nitalipeleka kwa daktari.

Binti kanionea huruma. Kanipa nijenge ngazi za mlango wa mbele, chini kabisa, hakuna kupanda. Huko ni kuinama, kuinuka, kuinama. Kamnong'oneza mke wangu kwamba hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Nimesikia. Sijali.

Maana nimepata wazo. Ngazi napima mimi. Nitazijenga ndefu, kila moja ifike magotini. Siku ya kufungua nyumba, Timazi na mifupa yake atashindwa kupanda mbele ya watu wote. Hapo ndipo watajua fundi ni nani.

Jumamosi, 15 Juni

Nyumba imefunguliwa. Watu wengi, viatu vipya.

Timazi kafika kwenye ngazi zangu, kazitazama, kanitazama. Kapanda zote bila kushika kitu. Juu kageuka akasema nzuri sana hizi kwa mazoezi ya mapaja, atakuwa anapita kila asubuhi. Binti akamkaribisha chai siku zote hizo.

Zamu yangu ikafika. Nikaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza. Mguu wa pili ukabaki ulipo. Nikasubiri. Watu nyuma yangu wakasubiri. Mke wangu akauliza kwa sauti nani kazijenga.

Mwisho Timazi kashuka na kiti, wakanikalisha, yeye kashika upande mmoja, binti upande mwingine, nikabebwa mpaka sebuleni huku akina mama wakipiga vigelegele.

Kijiweni nimeshawaeleza. Wageni wote waliingia kwa miguu yao, hata mwenye nyumba. Aliyebebwa ni mmoja. Sasa mkubwa pale alikuwa nani?