Chama cha Nini, na Dawati Lipo?

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ambaye yuko safarini kikazi. Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza, ambao wamemsindikiza. Wakuu wa Vitivo. Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi na Wanaokaimu Usaidizi. Maprofesa, madaktari wa falsafa, na ninyi wa mikataba ya muhula mliosimama kule nyuma kwa sababu viti ni vya walioajiriwa kudumu: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo achukue salamu iliyobaki. (Makofi ya viti vya mbele.)

Mimi, kama Naibu Mkuu wa Utumishi, Ustawi na Utulivu, nimepewa taarifa kwamba nje ya mlango huu kuna meza, na pale mezani kuna watu wanaandikisha wahadhiri kwenye chama cha wafanyakazi. Jamani! Chama cha nini? Vyama ni vya makuli na madereva, watu wanaobeba vitu vizito. Mhadhiri anabeba nini? Kalamu! (Sauti kutoka nyuma: "Na mitihani ya wanafunzi mia sita!") Tutulie. Mitihani si mzigo, ni heshima.

Najua kinachowachemsha. Ni yule dada wa takwimu, yule pale mwenye mtoto mgongoni, aliyejifungua katikati ya mitihani, yaani alijiongezea majukumu binafsi nje ya kalenda ya masomo, na mkataba wake, kwa bahati mbaya ya kiutaratibu, ukaisha akiwa wodini. (Miguno.) Anataka arudishiwe madarasa yake, na jibu linatoka leo. Nalisema kwa upendo: suala lake ni la Dawati la Malalamiko, Maridhiano na Ustawi, mradi niliousimamia kwa jasho langu mwenyewe, kupitia semina tatu za hotelini na ziara moja ya mafunzo ng'ambo, ambao kwa mujibu wa mpango mkakati na fremu ya utekelezaji shirikishi umefikia asilimia tisini na nane ya ufanisi, wala tangu uanze halijakataliwa hata lalamiko moja. (Makofi machache.)

(Dada wa takwimu: "Yamepokelewa mangapi, Mheshimiwa?")

Swali zuri, mama, ila tusizame kwenye takwimu. ("Ndilo somo langu.") Basi lifundishe darasani! ("Darasa gani?" Ukumbi mzima unaangua kicheko.)

Kimya! Ninyi wa mikataba mnaocheka, mmesahau kwamba muhula una mwisho? Mkienda kwenye ile meza mmoja mmoja, nitawashughulikia mmoja mmoja. Mkienda wote kwa mpigo, hapo nitashindwa hata nianze na nani, ndiyo maana nawasihi sana, msiende pamoja. (Viti vinasogezwa.)

Mhadhiri mtulivu! (Kimya.) Chuo kitulivu! (Mlango unafunguliwa.) Mbona mnatoka? Ngojeni shukrani, zimo kwenye ratiba! Namshukuru kwa dhati Mwenyekiti wa Dawati pamoja na wajumbe wake, ambao watateuliwa mara tu Dawati litakapoundwa, na namshukuru mhandisi atakayelijengea ofisi. Na wewe mama, jibu lako ndilo hilo: peleka lalamiko lako huko, utasikilizwa. Mama? Mama yuko wapi?

(Yuko nje, mezani, anaandika jina lake. Profesa wa kiti cha mbele kabisa amemshikia mtoto, naye anasubiri kalamu.)