Ombi la Kwenda Kuteleza Kwenye Theluji, Baada ya Kunyimwa Ndugu

Auburn, Sydney
30 Novemba 2020

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ruhusa za Kutoka Nchini

Mheshimiwa,

YAH: MAPUMZIKO YA THELUJI NCHINI LIECHTENSTEIN

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu karatasi yenu ya maelezo inasema, kwa lugha ishirini na tatu, kwamba kila mtu aandike kwa lugha anayoimudu. Kiingereza changu kinatosha kununua mkate na kuomba radhi ndani ya treni. Hakitoshi kulalamika.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, mwenye umri wa miaka sabini na miwili. Mwezi uliopita, kwa kuwa mipaka imefungwa kwa ajili ya corona, niliwaomba ruhusa nitoke Australia nikamwone ndugu yangu Ildephonse, anayeishi Liechtenstein na ambaye atafanyiwa upasuaji wa moyo tarehe 14 Januari. Tuliachana njiani mwaka 1996, wakati wa vita, yeye akivuka kwenda Burundi na mimi nikipanda milimani. Hatujaonana tena. Mmenikatalia. Siombi mrudie uamuzi huo. Naleta ombi lingine kabisa, na maelezo yangu ni haya:

1. Kuhusu undugu. Barua yenu inasema kwamba baba yake Ildephonse anaitwa Lubunga na baba yangu anaitwa Kashindi, kwa hiyo Ildephonse si ndugu yangu bali ni mtoto wa mdogo wa baba, na mtu wa namna hiyo hayumo katika orodha ya jamaa wa karibu. Nimeisoma mara tatu. Lubunga na Kashindi walizaliwa na mama mmoja. Lubunga alipofariki, Ildephonse alikuwa na miaka minne, na hakuna aliyesema amekuwa yatima; alisogezwa kwenye mkeka wangu, nami nikampisha. Tulikula sahani moja mpaka nilipooa. Kwetu ukimtambulisha mtu kama huyo mbele ya wageni kwa kusema "huyu ni mtoto wa baba mdogo", watu watauliza mmegombania nini. Lakini hayo ni ya kwetu. Ninyi mmechunguza, na mimi nimezoea kutii ofisi, maana nimeishi kambini miaka kumi na minne. Kwa barua hii namwondoa Ildephonse katika ombi langu. Sina ndugu.

2. Kuhusu theluji. Ukishamwondoa ndugu, kinachobaki Liechtenstein ni theluji. Binti yangu Lydie anamtunza mama mmoja mzee hapa Sydney, upande wa fukwe. Mwana wa mama huyo amepewa ruhusa ya kwenda milima ya Alpi kwa miezi mitatu, kwa sababu anauza viatu vya ski, yaani vile vinavyofungwa kwenye mbao ndefu za kutelezea, na ni lazima avijaribu mwenyewe. Mama yake anamuuliza Lydie kila asubuhi kama mwanawe atawahi kurudi kumzika. Nimelitafakari jambo hilo kwa siku kadhaa na sasa nadhani naielewa kanuni: ruhusa hupewa anayekwenda mbali na jamaa zake, hunyimwa anayewakaribia. Ni kanuni iliyo wazi. Naomba kuhesabiwa katika kundi la kwanza.

3. Kuhusu ujuzi wangu. Huenda afisa wenu akashangaa kwamba mzee wa Auburn anataka kuteleza milimani. Namhakikishia kwamba kuteremka ninakujua. Mwaka huo wa 1996 niliteremka milima ya Itombwe kwa siku tatu, wakati wa mvua, nikiwa na Lydie mgongoni na atlasi ya shule kifuani, kwa kasi ambayo sikuichagua na kwa njia ambayo sikuiona. Wengine walianguka wakabaki. Mimi nilifika chini nimesimama. Naambiwa kwamba huko Ulaya watu husafiri mbali ili wapate hali hiyo, na wakifika chini hupanda tena kwa viti vya umeme vinavyoning'inia kwenye waya, kwa hiari yao.

Hata hivyo sikutaka kutegemea sifa za zamani. Wiki hizi tatu nimekuwa nikijizoeza kwenye kilima cha bustani iliyo karibu nasi, nikikalia boksi la friji lililokunjuliwa. Jana joto lilifika nyuzi arobaini, na nilikuwa nimevaa suruali ya sufu. Lydie alikuja kunichukua akasema, "Papa, wewe? Hata ngazi za gare ya treni unashika chuma kwa mikono miwili, leo unataka mlima wa wazungu? Shuka hapo, watu wanadhani umepotea." Nilimjibu kwamba sijapotea, naandaa ombi. Picha nimeiambatanisha.

4. Kuhusu nchi yenyewe. Nimeifundisha Liechtenstein kwa miaka kumi na tisa. Ina urefu wa kilomita ishirini na tano hivi. Ni moja ya nchi mbili tu duniani zilizozungukwa na majirani ambao nao hawana bahari. Wanafunzi wangu wa Uvira, waliokuwa na ziwa mlangoni, walikuwa wakicheka: "Mwalimu, hao wakikosana na jirani watakimbilia wapi?" Niliwajibu kwamba watu wale hawajalazimika kujua. Haina uwanja wa ndege, kwa hiyo siwezi kutoroka kwa urahisi. Tena haina jeshi tangu mwaka 1868. Mheshimiwa, mimi sijawahi kulala usiku hata mmoja katika nchi isiyo na jeshi. Kwa mtu wa historia yangu hayo si mapumziko, ni matibabu, na kama fomu yenu inayo sehemu ya matibabu naomba msomaji alihamishie ombi langu huko.

5. Kuhusu makazi. Nimepata chumba katika hoteli moja ndogo karibu na kituo cha ski. Kwa uaminifu ni lazima niwajulishe kwamba mtu anayekodisha mbao za ski chini ya hoteli hiyo anaitwa Ildephonse. Msishtuke. Kwa mujibu wa barua yenu, hatuhusiani. Nilimpigia simu kama mteja yeyote, nikamuuliza juu ya vifaa. Alicheka mpaka akakohoa. "Yaya," akasema, na Yaya ndivyo kwetu anavyoitwa aliyekutangulia kuzaliwa, ingawa nadhani yeye hulitumia kwa wateja wote, "Yaya, wewe uliyevaa sweta Kigoma mwezi wa Septemba, enzi za ujana wetu? Njoo. Nitakupa zile fupi za watoto, na nitakushika mkia wa koti." Kisha akaniambia nijitahidi kuwahi. Bila shaka alikuwa anazungumzia ubora wa theluji.

6. Kuhusu tarehe 14 Januari. Siku hiyo mkodishaji atakuwa hospitalini, nami nitakuwa na mbao zake mkononi. Mteja mwema hurudisha alichokodi. Nitazipeleka kitandani kwake. Naahidi kuketi umbali wa mita moja na nusu, nikiwa nimevaa barakoa, na kutozungumza naye ila mambo ya biashara: kama anakumbuka mkeka tuliolalia, kama bado anakoroma, na ni nani kati yetu aliyevunja redio ya baba. Akiogopa, nitamshika mkono kama mteja anayekamilisha mapatano.

Na ikiwa hataamka, naomba kibali cha nyongeza. Sitaomba siku za matanga, kwa kuwa matanga ni ya jamaa. Naomba tu niruhusiwe kusikitika kama mtalii ambaye huduma yake imekatizwa, kwa muda ambao ofisi yenu inaona unamtosha mtalii. Nikizidisha muda huo, mnaweza kunipiga marufuku kuteleza maisha yangu yote, na sitakata rufaa.

7. Kwa hayo yote, naomba nipewe theluji.

Nakushukuru kwa kuisoma barua ndefu ya mtu aliyefundisha watoto kuandika kwa ufupi. Nisalimie afisa aliyesaini kwa namba badala ya jina, na kama ana kaka, amsalimie naye. Mfasiri wa barua hii apokee salamu za pekee, asilainishe kitu. Walinzi wa mlangoni kwenu, walionipa maji nilipokuja mwezi uliopita, waambiwe mzee bado anawakumbuka.

Nabaki mimi, mwombaji wa theluji na si wa kitu kingine,

Akilimali Kashindi
Mwalimu mstaafu wa jiografia

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, asubuhi hii Ildephonse akapiga simu kutoka hospitalini, alikokwenda kupimwa. Walimpa karatasi aandike ni nani wa kuitwa iwapo hataamka. Ameandika jina langu na namba yangu ya simu, na mbele yake neno "kaka". Nikamuuliza kama walitaka kujua majina ya baba zetu. Hakuelewa swali. Akasema muuguzi aliuliza kitu kimoja tu: kama huyo kaka anaishi mbali.

Nimeifungua bahasha. Katika fomu yenu, swali la thelathini na moja linauliza kama nina ndugu katika nchi ninayokwenda, nami nilikuwa nimejibu hapana. Nimelikata jibu hilo nikaandika ndiyo, nikaandika na jina lake. Najua kwamba sasa vifungu vyangu vyote saba havina kazi. Sijui kuteleza, na theluji siitaki. Mkikataa, kataeni hilo.