Bia Nyeusi kwa Shemeji Nashoni

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mokami mke wangu,

Nina mpango. Usicheke kwanza. Tangu tukuzike, kaka yako Nashoni na wazee wenzake hawajakaa uwanjani kwetu. Pombe yako iliondoka na wewe, wao wakahamia kwa Nyangwine, muuza pombe wa ng'ambo ya njia. Kila jioni nasikia vicheko vyao huku nakula ugali peke yangu. Nitawarudisha.

Mwalimu Gasto, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, hupika bia nyeusi nyumbani kwake Bomani. Leo amenieleza namna yake yote, akanipa kimea cha shayiri na maua machungu ya kutia. Akasisitiza nisibadilishe kitu. Nikamwambia mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Wazee nimewaalika Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumatano, 5 Juni

Nimebadilisha kidogo tu. Shayiri ilionekana mpweke, nikaiongezea wimbi letu, ule ulezi wa shambani. Kukaanga, Gasto alisema hadi rangi ya kahawa. Hakusema kahawa ya nani. Yangu imefika rangi ya kitako cha sufuria. Binti yetu Boke alikuja mbio akiuliza kama nyumba inaungua. Nikamwambia hiyo ni harufu ya maendeleo. Akasema, basi baba, maendeleo yafungulie dirisha.

Ulikuwa unanifukuza jikoni, eti naongea na chungu kuliko na wageni. Leo nimeongea nacho mchana kutwa. Raha sana.

Jumapili, 9 Juni

Nimeshatia kwenye chupa. Gasto alitaka ningoje zaidi, lakini wazee hawangojeki. Alisema kila chupa itiwe sukari kidogo ili ipate gesi. Nikakumbuka Nashoni anavyokunywa chai, nikatumia kijiko kikubwa.

Nyangwine alichungulia uani, akauliza kama natengeneza dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nikamshauri kwa upole azoee viti vitupu.

Alhamisi, 13 Juni

Chupa moja imepasuka chini ya kitanda. Nimefurahi mno. Ina nguvu.

Jumamosi, 15 Juni

Walikuja! Nashoni mbele, na mrija wake mrefu. Shikamoo, marahaba, nikampa glasi. Akaitazama, akasema yeye si mgonjwa wa kupimiwa dawa. Pombe inywewe chunguni kwa mrija, na maji ya moto yaongezwe, kama dada yake alivyofanya. Gasto, ambaye nilimwalika naye, akasema hapana mzee, hii hunywewa ikiwa baridi. Nashoni akamuuliza, mwalimu, umekuja kunywa au kusahihisha?

Nikaona wote wana haki. Nikamimina chupa zote kwenye chungu chako kikubwa, kisha birika zima la maji yanayochemka.

Mokami, povu lilisimama wima. Lilipanda, likamfunika kaka yako hadi kofia. Mzee Matiko alikuwa bado na mrija mdomoni, akashtuka, akaupuliza. Povu likaongezeka.

Nikajua nimewapoteza, na safari hii hawarudi.

Nashoni akafuta jicho moja. Akalamba kiganja. Akasema ni kali kama kwinini, na kwamba dada yake angeyaona mambo haya tungemzika mara ya pili, kwa kicheko. Akaanza yeye kucheka, wakafuata wote, hadi Nyangwine akavuka njia kuangalia. Akaniambia, Simioni, watu hawawezi kucheka hivi na koo kavu. Akaenda, akarudi na chungu chake kichwani. Walikaa mpaka giza likaingia. Uwanja ulijaa, mke wangu. Viti havikutosha.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi Nashoni amepita kuuliza Jumamosi ijayo kuna nini. Kaka yako, ameuliza mwenyewe.

Nimetafakari kosa langu kwa makini, nimelipata. Maji hayakuwa ya moto vya kutosha. Safari hii nitayachemsha zaidi, na sukari nitaongeza, maana ilichangamsha watu. Gasto hapokei simu. Haidhuru, sasa kazi hii naijua.

Naenda kuanika wimbi. Huko uliko, jioni mkikaa na wenzako, unikumbuke.