Sahihi Tano Kabla ya Ijumaa

Jumamosi, 1 Novemba

Lahaula! Nimeitwa ofisini kwa Daktari Rumaisa, mkuu wa wodi yetu. Nilidhani naitwa kupongezwa. Mwanafunzi gani mwingine wa udaktari amekaa wodini siku sitini na moja bila kukosa hata moja? Akafungua kitabu changu cha umilisi. Kitupu! Nikamwambia sahihi za mahudhurio zipo zote. Akasema hata feni ya wodini haijakosa siku.

Kumbe siku hizi hawahesabu siku. Wanahesabu unachoweza kufanya wao wakikuona kwa macho yao. Ngazi ya kwanza, unatazama tu. Ya pili, unafanya, daktari yuko ubavuni. Ya tatu, unafanya, daktari yuko chumba cha pili anakunywa chai. Natakiwa niwe na ngazi ya tatu katika stadi tano kabla ya Ijumaa. Zote tano niko ya kwanza. Nikishindwa, narudia miezi mitatu.

Na mama ameshaalika mtaa wetu mzima wa Langoni kwenye maulidi ya kumaliza kwangu, Ijumaa hiyo hiyo baada ya alasiri! Mbuzi amefungwa uani. Nimepita, akanitazama vibaya.

Shifaa wa Kizingitini, mwanafunzi mwenzangu, anazo sahihi nne. Wala hajisifu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 2 Novemba

Nimemfuata nesi Nicodemus kimyakimya na kalamu mkononi. Nimemweleza kwamba sisi ni ndugu, na ndugu husaidiana. Akasema yeye hutia sahihi kwa alichokiona tu, na alichokiona kwangu ni kurudi nyuma kila sindano ikitolewa. Akauliza kama nataka aandike hiyo. Mtu wa bara huyu hana haya!

Jumatatu, 3 Novemba

Msiba. Aibu. Sijui nianzie wapi.

Amekuja Bi Zamzam, bibi harusi wa juzi, anakohoa kidogo. Kafuatana na shangazi wanne. Shifaa hayupo, daktari hayupo. Nafasi yangu! Nikambana kidole kwa kile kibanio cha kupimia oksijeni. Sabini na moja! Mtu wa sabini na moja yuko njiani kuondoka duniani. Nikapiga ukelele. Mtungi wa oksijeni ukaburutwa mbio. Shangazi wawili wakaanza Yasini, wa tatu akazirai, wa nne akanikamata kola akitaka kujua nimemfanya nini mtoto wao.

Shifaa akaingia, akaugeuza mkono wa bibi harusi. Piko, ile rangi ya kupambia maharusi, nyeusi ti, hadi ncha za vidole na kucha. Kibanio hakioni kitu humo. Akakihamishia kwenye ndewe ya sikio. Tisini na nane! Bi Zamzam muda wote alikuwa ameketi akitafuna ubani, akinisikitikia.

Mimi, mzaliwa wa Langoni, niliyelelewa na dada watatu kati ya mabakuli ya hina! Nicodemus akasema hata yeye wa bara anaijua hiyo bana. Daktari Rumaisa akaandika kitabuni: "Amtazame mgonjwa kabla ya mashine." Ngazi ya kwanza.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata dawa! Wagonjwa wa kweli hawatabiriki. Basi nitampeleka mgonjwa ninayemjua.

Mjomba Kamaludin, kaka yake mama, mchonga milango, anaishi nasi. Mzima wa afya, hospitali haijui hata ndani kulivyo. Kesho atakuwa na pumu. Kwa mapenzi yake kwangu amekubali. Nimeshajaza fomu yake nyumbani ili nisibabaike. Mapafu: yanapiga filimbi. Moyo: salama. Miguu: salama. Mkojo: salama. Mwandiko mzuri kupita kiasi.

Mazoezi ukumbini yamekwenda vibaya. Kukohoa anakohoa, hadi majirani wamekuja kuuliza hali. Lakini kila dakika anaondoka kwenda msalani! Mara nne! Na gudulia zima la maji kalimaliza peke yake. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba hayuko makini. Isitoshe mama kanigombeza kwa doa la kahawia kwenye mkeka, eti nimemwaga ukwaju. Sijanywa ukwaju mimi!

Jumatano, 5 Novemba

Lazima niandike.

Daktari alikaa chumba cha pili, kama ilivyotakiwa. Nikangoja dakika ishirini za heshima, nikamwita, nikasoma ripoti yangu. Akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kuiona sahihi. Kisha akamgeukia Mjomba na kumwuliza anaumwa nini.

Kasahau pumu! Kasema, kwa lafudhi yetu ya nyumbani, ana kiu ya mayi isiyokwisha, usiku halali kwa kwenda msalani, na mato yaona ukungu. Nikamkonyeza. Nikakohoa mimi badala yake. Daktari akamwambia avue makubadhi.

Subhanallah! Kwenye unyayo wa kulia msumari mdogo wa shaba, ule wa kupambia milango, umezama mpaka kichwani. Pembeni yake usaha. Mjomba akainama, akautazama, akauliza ni wa nani. Hakuusikia! Alisema siku hizi akitembea sakafuni husikia kitu kikigonga ko-ko-ko, akadhani ni mimi. Sukari yake ishirini na nne, mara nne ya inavyotakiwa.

Daktari alikuwa ameshika fomu yangu. Miguu: salama. Akaniuliza kama niliitazama. Mjomba, Mungu amweke, akanitetea: kijana hana kosa, yeye mwenyewe ndiye aliyeambiwa awe na pumu akasahau.

Kwetu kila mtu huvua viatu mlangoni. Mguu ule umepita mbele yangu kila siku ya Mungu. Doa la mkeka halikuwa ukwaju. Daktari kasema wiki mbili zaidi na mguu ungekatwa. Nimekwenda nyuma ya chumba cha kufulia nikalia mpaka kwikwi. Nampenda sana mjomba wangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilingoja kufukuzwa. Daktari Rumaisa kaniita kitandani kwa Mjomba, kaniambia nimsafishe kidonda, yeye ubavuni. Dakika arubaini. Jasho liliniingia machoni. Shifaa alinishikia tochi, hakucheka hata kidogo. Nilipomaliza ndipo nilipokumbuka kuwa kitabu nimekiacha nyumbani. Sikuwa nimekifikiria! Nikakikimbilia. Daktari akatia sahihi: ngazi ya pili.

Ya kwanza maishani. Nimeitazama mara kumi.

Ijumaa, 7 Novemba

Narudia miezi mitatu. Rasmi. Shifaa kakamilisha tano.

Mama kageuza maulidi yangu kuwa dua ya Mjomba. Watu wote wamekuja, wamenipa pole, wamekula mbuzi mzima. Mama kamwita Shifaa mbele ya wageni, kamwombea, kisha kampa maini. Maini yangu! Sikuamini macho yangu.

Jumanne, 11 Novemba

Mjomba karudi nyumbani, mguu wake anao. Alhamdulillahi.

Na habari kubwa! Daktari Rumaisa kanipa kazi. Kila asubuhi na jioni nimpime Mjomba sukari, niutazame unyayo, niandike kwenye jedwali, mwezi mzima. Nikifanya vizuri, ngazi ya tatu. Kasema baada ya Alhamisi ananiamini. Yalinilenga machozi. Nimeapa moyoni kuwa mtu mpya, tena mwenye mpango.

Kwa hiyo leo, baada ya chai, nimekaa na jedwali. Nimeshajaza hadi tarehe kumi Desemba! Nimetumia kalamu tatu tofauti, na sehemu moja nimedondoshea chai, ili ionekane imefanyiwa kazi. Sukari inashuka polepole, kwa adabu. Unyayo: salama, mara sitini.

Mjomba ameita kutoka ukumbini. Anauliza mbona hatujapima, na yeo yuko ngapi. Nimemjibu bila kuinua kichwa: yeo sita nukta nane, na kesho sita nukta tano. Amefurahi mno. Nasikia anamwomba mama sahani ya halwa.