Nimerudi kwenye Kitochi

Jumatatu, 8 Januari

Duane! Kaka wa mke wangu, jirani yangu, adhabu yangu. Leo asubuhi mkahawani kwa Lorraine nilikuwa katikati ya kisa cha yule samaki wa mwaka jana, nimefika pale anapokata mshipi, Duane akaingia na simu mpya, pana kama sinia. Ina kamera ya kuzamisha chini ya barafu. Unakaa kwenye kibanda juu ya ziwa lililoganda, pembeni ya tundu la kuvulia, umejifunika blanketi, unawatazama samaki kwenye kioo kama taarifa ya habari. Wote wakamzunguka. Samaki wangu nikabaki naye mdomoni.

Kisha akaniuliza mbele za watu, "Shemeji, na yako iko wapi?"

Ukweli haukusemeka. Ukweli ni kwamba Ijumaa niliikalia kwenye trekta, kioo kikavunjika vipande, na Marlys kasema hatununui nyingine kwa kuwa hiyo ni ya tatu. Basi nikasimama. Nikasema simu janja ni utumwa. Nimeitupa kwa hiari yangu. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kitochi, na kwenye shindano la kuvua la tarehe 27 nitamshinda Duane kwa kichwa changu tu. Watu wakapiga makofi. Lorraine akanijazia kahawa.

Hasara imegeuka fadhila. Nina akili mimi!

Jumanne, 9 Januari

Nimenunua kitochi. Cheusi, cha kukunja, vitufe vikubwa kama meno ya farasi. Muuzaji aliniuliza kama namnunulia mama yangu. Mshenzi.

Herufi moja ya S ni kubonyeza mara nne. Nilitaka kumwandikia Marlys kwamba nachelewa, aniwekee supu. Dakika kumi na tisa! Vidole vimekufa ganzi. Meseji ilipomfikia nilikuwa nimeshaila hiyo supu, nimeketi mbele yake. Akaisoma kwa sauti. Akauliza kama niongezewe.

Alhamisi, 11 Januari

Kirsten, binti yetu wa pekee, yuko Duluth na mumewe, mimba ina miezi minane. Mjukuu wa kwanza! Leo ametuma picha. Kwenye kitochi imetokea ndogo kama stempu, tena ya ukunguukungu. Lakini damu haipotei. Niliona kichwa. Niliona pua yetu ya ukoo wa Tveit. Nikamjibu papo hapo, nikaipeleka mkahawani. Lorraine akafuta machozi.

Duane akavaa miwani, akaisogeza, akaiweka mbali, akasema kwa ule upole wake wa kinafiki, "Shem, hili ni bomba la chini ya sinki."

Nikamwambia hana macho wala haya.

Saa tisa Kirsten akapiga. Anasema bomba la jikoni linavuja tangu asubuhi, alinitumia picha nimwelekeze pa kufunga, na mimi nimemjibu MZURI KAMA BABU YAKE. Lakini nisijali, Mjomba Duane alimpigia kwa video, wamelifunga.

Mjomba Duane! Bomba la mwanangu! Nilirusha kofia ukutani. Ikaangusha picha ya harusi.

Jumatano, 17 Januari

Hata hivyo nimekuwa mtu mashuhuri. Jumapili mchungaji alinitaja katika mahubiri: tazameni ndugu yetu Orville, amejitoa kifungoni. Akina mama wananiletea keki. Watu watatu wameniuliza kitochi kinapatikana wapi. Nikawajibu polepole, kama mtu anayetoka milimani kufunga na kusali.

Tatizo ni samaki. Siku nne ziwani, samaki sifuri. Duane na kamera yake kapata saba, na kwa kila mmoja kanipigia honi kunionyesha.

Kwa hiyo leo nimeendesha maili arobaini hadi mji ambao hakuna anayenijua. Nimenunua simu janja iliyotumika na kamera kama ya Duane. Nimezificha kwenye boksi la chambo, chini ya minyoo. Marlys hagusi minyoo. Huu si udanganyifu. Ni tahadhari.

Ijumaa, 26 Januari

Kirsten amepiga, tumbo linamsumbua. Daktari anasema mtoto huenda akawahi. Nilitaka tuondoke palepale. Kirsten akakataa, akasema anaweza akakaa hivyo wiki nzima, nikavue.

Marlys akanishika mkono jikoni. "Baba Kirsten, nakujua. Kesho hicho kitochi kiwe mfukoni. Kikilia, acha samaki, njoo."

Nikaapa. Niliapa kwa moyo mweupe kabisa.

Jumamosi, 27 Januari

Naandika nikiwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari. Marlys anaendesha. Tunakwenda Duluth, na kiti cha mbele kanikataza.

Nieleze. Kitochi kina mlio wa tarumbeta nisiojua kuuzima. Kikilia kibandani, samaki wanakimbilia Kanada. Kwa hiyo asubuhi nilikiwekea kwamba kila atakayepiga aelekezwe kwenye ile simu ya siri, nikakiacha kabatini. Kiapo kilikuwa cha kupatikana, na ningepatikana. Mwanasheria yeyote angenielewa.

Baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Nikajifungia kibandani, nikashusha kamera. Nikamwona! Samaki sawa na mguu wangu, anakuja taratibu, anakikodolea chambo. Simu ikasema ina chaji nusu. Nikaipulizia pumzi. Ikazimika. Nikaitia kwapani. Wapi. Nikaitumbukiza ndani ya suruali, ile ya sufu, ndani kabisa.

Nikasikia makelele nje. Baridi imeua simu janja za ziwa zima, ya Duane ya kwanza! Analaani kama baharia! Nilitaka kucheza. Wiki tatu nimewahubiria, na sasa siku yangu imefika. Kisha mlango ukagongwa. Mchungaji, Duane, na watu kama kumi nyuma yao, wanaomba kwa unyenyekevu niwaazime kitochi wapige nyumbani.

Nikasema kitochi kimepumzika.

"Kimepumzika vipi?" akauliza Duane. "Kitoe, shemeji. Ulisema hakijui baridi."

Hapo gari letu likaja juu ya barafu, honi haikomi. Marlys akashuka bila kofia. Mkononi ameshika kitochi.

"Orville Tveit! Mwanao kajifungua! Nimekupigia mara kumi na moja, naambiwa hupatikani, na simu yako hii hapa nimeikuta kabatini na mabakuli!"

Nilikuwa nafungua mdomo. Lakini ile nyingine ilikuwa imeshapata joto. Ikawaka humohumo ndani ya suruali, ikaanza kulia mara moja kwa kila simu niliyoikosa. Ti! Ti! Ti! Mchungaji akahesabu midomo ikichezacheza. Kumi na mbili.

Duane hakucheka. Afadhali angecheka.

Shindano ameshinda Lorraine. Simu yake aliisahau mkahawani.

Jumapili, 28 Januari, Duluth

Msichana. Solveig. Mama na mtoto wazima.

Duane alitutangulia! Tulipoingia wodini tayari amempakata, anamwimbia. Amempiga picha mia moja, moja nzuri kuliko nyingine. Nikamnyang'anya mtoto. Marlys anasema nilimpokea vizuri tu. Nilimnyang'anya. Pua ni yetu, safari hii hakuna ubishi.

Duane alipotoka kutafuta kahawa, Kirsten akaniambia kwamba kabla hawajamwingiza chumba cha kujifungulia aliomba simu ya nesi akanipigia. Ndiyo ile ya kumi na mbili. Alikuwa anaogopa. Hakutaka ushauri, alitaka nimwambie tu, "Haya, mwanangu," kama nilivyokuwa nikimwambia zamani akiingia majini kuogelea.

Nikatazama viatu vyangu. Nikamwambia, "Haya, mwanangu." Akasema, "Umechelewa, Baba," halafu akacheka, halafu akalia, nami macho yakaingia vumbi. Hospitali nzima inang'aa, vumbi lilitoka wapi sijui.

Nimefikiri sana dirishani. Kosa ni la Duane. Asingenunua ile simu, haya yote yasingetokea.

Jumanne, 30 Januari

Tumerudi nyumbani. Marlys ameziweka simu zote mbili mezani, moja kushoto, moja kulia, katikati Biblia ya mama yake. Amesema mwanamume hawezi kupanda farasi wawili, nichague moja leo, na nyingine anampelekea mchungaji kwa mnada wa kanisa. Hataki kuona simu ya siri ndani ya nyumba hii mpaka kufa kwake.

Nikainamisha kichwa. Nikachukua kitochi. Nikaweka mkono juu ya Biblia, nikaapa kwamba sitamiliki tena simu janja, ya wazi wala ya siri. Marlys akalegea, akanikatia kipande cha keki, akanibusu utosini.

Kumbe kuna saa ya mkononi! Inapiga, inapokea, inaonyesha picha za mjukuu, inaunganishwa na kamera ya chini ya barafu. Niliiagiza jana kwa kompyuta ya maktaba. Inafika Alhamisi. Saa si simu. Sikuapa lolote kuhusu saa.

Na Marlys hatauona mzigo ukiletwa. Nimeandika anwani ya Duane, maana mchana hayupo nyumbani; nitauchukua mlangoni pake kabla hajarudi.