Kamati ya Herufi N na Posa Yangu

Jumatano, 26 Agosti 2009. Chake Chake.

Posa imekwenda. Shangazi Moza ameipeleka Vitongoji kwa Mzee Mjaka, barua ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kitambaa cheupe. Nimeiandika mwenyewe, mistari kumi na miwili, bila kufuta. Namposa Mardhiya, binti yake, mwalimu wa chumba cha kompyuta cha Jumuiya ya Maendeleo. Mzee Mjaka ni mwenyekiti wa Jumuiya. Mimi ni katibu na fundi. Tena mwezi mtukufu, nyoyo laini. Haiwezi kuharibika!

Jambo moja tu. Shangazi amerudi akasema ameona bahasha nyingine mezani kwa Mzee. Ya Zahran! Zahran mwenye duka la kompyuta mkabala na langu. Babu yake alikuwa na mikarafuu mia nne. Yeye hana hata mche, lakini bado anatembea kama anaikagua.

Alhamisi, 27 Agosti.

Nimefunga mtandao wa bila waya Vitongoji. Kifaa kipya, antena tatu, kiwango cha herufi n. Watoto wa Vitongoji walioko Muscat wametuletea pamoja na laptopu sita. Zahran dukani kwake bado anauza vya herufi g, vya kale.

Usalama nimeupanga kwa utaratibu. Kifaa kimo ndani ya kabati la chuma la Jumuiya, zinamokaa sufuria za shughuli. Ili mijusi wasikichezee, nimekitia ndani ya sufuria kubwa ya pilau nikafunika kwa mfuniko. Waya umepita kwenye tundu la nyuma. Kufuli mbili, funguo ninazo mimi peke yangu. Vumbi halikioni, mwizi hakioni, Zahran hakioni.

Kabla ya magharibi nikajaribu. Laptopu iliyo karibu na kabati inapata mtandao kwa kusuasua. Tano nyingine hazipati kitu. Ajabu kubwa.

Jumamosi, 29 Agosti.

Nimeujua ugonjwa! Nimesoma asubuhi nzima. Kiwango cha herufi n hakijapitishwa! Kuna kamati ya wahandisi, wengi wako Marekani, inakijadili tangu 2003. Vifaa vyote vilivyoko madukani vimetengenezwa kwa kufuata rasimu. Rasimu ya kwanza ililetewa maoni kama elfu kumi na mbili. Sasa wamefika rasimu ya kumi na moja. Basi kifaa changu hakina kosa lolote. Kinangoja ruhusa. Nikapumua.

Alasiri nikawaeleza wajumbe wa Jumuiya. Zahran naye alikuwepo, sijui nani kamwalika. Akasema katibu amewauzia watu nguo iliyokatwa kabla fundi hajapima. Akasema kamati ikibadili neno moja tu, kifaa changu kitafaa kuzuilia mlango. Yeye yuko tayari kufunga cha kwake, kilichopitishwa zamani, leo leo.

Wajumbe wakanigeukia. Nikaapa kwamba kamati iko mlangoni. Mzee Mjaka akakohoa kidogo, akasema:

"Talib mwanangu, mimi kamati nazijua. Nimeona muafaka wa kwanza wa vyama vyetu vya siasa, nimeona na wa pili. Basi sikiliza. Kamati yako ikimaliza na mtandao ukashika, barua yako n'taijibu. Idd ikitukuta hali ni hii, kifaa chako kinatoka, cha Zahran kinaingia. Na barua n'tayoifungua ni yake."

Zahran akacheka mpaka kanzu ikatikisika. Idd imebaki wiki tatu.

Jumatatu, 31 Agosti.

Nimewaandikia wahandisi. Kiingereza changu cha kidato cha nne, lakini cha adabu. Nimewasalimu, nimewauliza hali za familia, nimewapongeza kwa subira. Kisha nimewaeleza kwamba kuna posa.

Jibu limekuja baada ya dakika moja. Nilifurahi mno! Limeandikwa na mashine. Linanishukuru na kunijulisha kwamba muda wa kutoa maoni umekwisha.

Jumatano, 2 Septemba.

Nimeunda kamati ndogo ya Pemba. Wajumbe: mimi, Ame fundi cherehani na Vuai wa Kisiwa Panza anayeuza vocha. Ajenda moja: kuipitisha rasimu kwa niaba ya Pemba, ili Mzee aone kwamba mambo yanasogea.

Saa ya kwanza tulijadili nani awe mwenyekiti. Saa ya pili Vuai alitaka Kisiwa Panza kiwe na kura yake mbali na ya Pemba, maana ni kisiwa. Ame akasema kwa hesabu hiyo na kila mwamba wenye kunguru upewe kura. Vuai akataka afute kauli. Ame akasema akifuta, haandiki nyingine. Tukapiga kura ya mwenyekiti. Wagombea watatu, kila mmoja amepata kura moja.

Nimeanza kuwaheshimu wahandisi.

Jumamosi, 5 Septemba.

Nimechapa tangazo kwa Kiingereza. Linasema kiwango kimepitishwa. Nembo nimeichora mwenyewe, tai mwenye antena tatu. Si uongo. Ni kutangulia tu.

Nilipanga kulipeleka Jumatatu, lakini subira ikanishinda nikalipeleka leo. Mzee Mjaka akavaa miwani. Akauliza muhuri uko wapi. Nikasema Marekani hawatumii mihuri. Akatikisa kichwa kwa kuwahurumia. Akasoma tena, taratibu, akaweka kidole juu ya tarehe.

"Hapa pana tarehe saba. Leo tarehe tano. Hawa wenzako wao wamo keshokutwa?"

Nikasema ni tofauti ya saa baina ya nchi na nchi. Mardhiya alikuwa mlangoni. Akalichukua tangazo, akalikunja, akaanza kujipepea nalo. Nilipokuwa natoka aliniuliza jambo moja: kifaa chenyewe nimekiweka wapi, mbona yeye hajakiona hata siku moja? Nikamwambia hiyo ni siri ya usalama. Akaguna.

Naamini alivutiwa.

Jumanne, 8 Septemba.

Siku mbaya. Zahran amekwenda Vitongoji na kifaa chake cha herufi g. Amekitundika ukutani kwa msumari, wazi kabisa, bila kufuli, bila mfuniko! Mtu wa ovyo. Mtandao ukashika laptopu zote sita. Wajumbe wakapiga makofi. Mzee akasema ameona, na akamwambia akitoe mpaka Idd, maana ahadi ni ahadi. Mungu ampe umri.

Shangazi Moza amenishauri nianze kufikiria Pujini. Kuna binti mzuri huko, kwao hawana kompyuta. Nimekataa. Nilipomaliza kukataa sauti ilikuwa imenikauka, na magharibi bado iko mbali. Nitamkosa Mardhiya kwa sababu ya watu nisiowajua, wanaobishana juu ya koma.

Jumamosi, 12 Septemba.

WAMEPITISHA!

Nimefungua duka, nimewasha kompyuta, habari ndiyo ya kwanza. Jana, Ijumaa! Miaka sita imekwisha. Na vifaa vya rasimu haviachwi nje, vinakubaliana na kiwango kilichopitishwa. Nikasujudu hapo hapo baina ya meza na mashine ya fotokopi. Mteja aliyetaka picha za pasipoti akangoja.

Nikaichapa habari. Kumbe muhuri! Nikaigonga muhuri wa Jumuiya, kwani mimi si katibu? Nikagonga mara mbili, juu na chini. Muhuri nikautia mfukoni, nikapanda baiskeli mpaka Vitongoji, saumu kooni, jua la alasiri mgongoni. Njiani nikajiuliza: je, kama kimepitishwa na mtandao bado umelala? Ile njia ni fupi, lakini leo ilikuwa na vilima ambavyo sivijui.

Leo ilikuwa siku ya futari ya Jumuiya. Uani moshi, wanawake, vijiko virefu. Nikaingia chumba cha kompyuta nimefumba jicho moja.

Laptopu zote sita zimeshika! Mzee Mjaka mwenyewe amekaa mbele ya moja, anazungumza na mwanawe Hamzah aliyeko Muscat. Anamwona uso! Anamwambia amekonda, anamuuliza huko hawapiki? Machozi yanamtoka na miwani hajaivua. Miaka minne hajamwona. Nikasimama nyuma na karatasi yangu. Hamzah ndiye aliyeniona, akamwambia baba yake kuna mtu anahema.

Mzee akageuka. Akaisoma karatasi, akautazama muhuri wa juu, akautazama wa chini, akaridhika.

"Kumbe kamati zinamaliza," akasema. "Sijui kwa nini za kwetu hatuzipeleki huko."

Zahran alikuwepo, amekuja na kifaa chake mfukoni. Hakucheka. Alitazama dirishani kwa muda mrefu. Nami nikatazama. Kifaa changu kimesimama dirishani, uchi, antena tatu juu, mjusi pembeni yake! Nikamkimbilia Mardhiya uani, akipika na Bi Mwanawema, mpishi wetu wa shughuli. Akaniambia bila kuacha kukoroga:

"Bi Mwanawema alitaka sufuria ya pilau, kaka Talib, na wewe funguo umeondoka nazo. Kufuli kazivunja kwa mchi. Kitu chako nimekiweka dirishani mimi, asubuhi. Na tangu asubuhi mtandao unashika."

Nikamweleza kitaalamu. Wahandisi wamepitisha jana, siku yao. Jana yao jioni ndiyo leo yetu asubuhi. Saa zimelingana kabisa! Akaacha kukoroga. Akanitazama, akamtazama Bi Mwanawema. Bi Mwanawema akaingiza uso kwenye kanga, mabega yakimcheza. Moshi ule ni mbaya kwa macho.

Nikamwomba Mardhiya, sufuria ikishaoshwa, akirudishe kifaa mahali pake. Akasema haiwezekani. Sufuria ile ina shughuli mpaka harusi.

Nikauliza harusi ya nani. Akanitilia tende mkononi, nifuturu nayo.

Jumatatu, 14 Septemba.

Jibu la posa limekuja. Shangazi Moza ameliingiza ndani kwa vigelegele tangu barabarani. Mistari mitatu tu. Wamekubali! Harusi baada ya Idd, mfungo mosi. Chini Mzee amegonga muhuri wa Jumuiya, sijui ameupata wapi, nadhani niliusahau kule.

Shangazi amekuja pia na ujumbe wa Mardhiya: kabati amelitilia kufuli mpya na ufunguo atakaa nao yeye, na kifaa kitabaki dirishani. Nimekubali. Kiwango kimeshapitishwa, sasa kitafanya kazi popote.

Nimelala mchana wote. Sijapata kulala hivi tangu Agosti.

Jumatano, 23 Septemba.

Idd imepita salama. Nimepata kazi mpya Pujini, ofisi ya ushirika. Kifaa cha herufi n, kilichopitishwa. Kwa kuwa Pujini sina kabati, nimekifungia ndani ya sanduku la bati la kuhifadhia nyaraka, nikalipachika chini ya meza ya karani. Mtandao ni dhaifu kidogo. Nikasoma, nikajua sababu: kuna kamati nyingine! Imeanza mwaka jana, inatayarisha kiwango cha kasi zaidi, na ratiba yao inasema 2012. Bila shaka hewa inabadilishwa tangu sasa. Nimemwambia karani avute subira.

Zahran alikuja dukani kunipa mkono wa Idd na wa posa. Kiungwana kabisa. Nikamweleza habari ya kamati mpya. Akasema watachelewa. Nikasema hawachelewi, watu hawa nawajua, nimewahi kuandikiana nao. Akaniuliza naweka dau gani. Kamari haramu, fedha hatukuweka. Tumewekeana neno tu, mbele ya Ame na Vuai: wakipitisha mwaka 2012, Zahran anafunga duka lake mwezi mzima. Wakichelewa, mtoto wangu wa kwanza anampa jina yeye.

Mardhiya sijamwambia. Hapana haja. Wahandisi hawachelewi mara mbili.