Malalamiko Rasmi Juu ya Bi Dama na Chakula cha Mchana cha Shika Adabu

Chengo Mwarandu,
Mkaguzi wa Shule (Mstaafu),
Magongo, Changamwe.

Kwa Bwana Lenox Munga,
Mwenyekiti, Chama cha Wataalamu Wastaafu wa Changamwe na Viunga Vyake.

Bwana Mwenyekiti,

KUH: MWENENDO WA BI DAMA KAVIHA KATIKA MATEMBEZI YETU YA SHIKA ADABU

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili na mzito wa moyo. Ningeweza kukupigia simu, au hata kukuita, maana baraza yako naiona kutoka dirishani mwangu. Lakini jambo la uzito huu halifai kusemwa likapeperuka. Naomba barua hii isomwe mbele ya wanachama wote Alhamisi ijayo, kabla ya chai, wakiwa bado wanasikiliza.

Kwa faida ya wasiokuwapo, nieleze kidogo. Chama chetu, ambacho kila mwanachama wake aliwahi kuwa na ofisi yenye jina lake mlangoni, kilikwenda matembezi ya mwaka huko Shika Adabu, Likoni, katika ua wa shule ya chekechea tuliyoazimwa. Tulizunguka na barabara ya Dongo Kundu kwa sababu wewe hupendi kivuko. Ratiba ilikuwa na mambo matatu: mhadhara, chakula cha mchana, na kupunga upepo. Mhadhara ulikuwa wangu, na mada yake ilikuwa "Matumizi Bora ya Wakati kwa Mstaafu". Mgeni wa heshima, ambaye simtaji jina kwa kuwa bado tunamtarajia, alikuwa afike adhuhuri.

Yaliyotokea baada ya hapo ndiyo haya.

1. Bi Dama alishusha sufuria bila azimio la chama.

Pilau ilikuwa nyuma ya basi, ndani ya sufuria kubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuibeba akabaki na heshima yake. Wewe uliuliza kwa busara, "Je, ni nani atakayelishughulikia suala la chakula?" Mhandisi wetu akataja goti lake. Meneja mstaafu wa ghala akasema kwamba tangu aajiriwe hakuwahi kubeba kitu kizito kuliko kalamu, kazi hizo zilikuwa za tarishi. Mimi nikapendekeza kamati ndogo. Ikaundwa, nami nikateuliwa kuiongoza, na tukawa tunajadili vizuri tu kama kiongozi wa kamati naye anapaswa kushika sufuria au anatoa mwongozo peke yake.

Ndipo Bi Dama, muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke aliyekuwa na wauguzi tele chini yake wa kutuma, akajifunga leso kiunoni na kumwita katibu wetu, Bi Mueni. "Shika huko, mwenzangu, mimi nashika huku." Wakaishusha. Wakaipeleka kivulini. Wakarudi wakachukua kachumbari. Kamati ilibaki imesimama nyuma ya basi bila kazi, na mpaka leo ninapoandika haijavunjwa rasmi.

2. Alikatiza mhadhara.

Mgeni alikuwa njiani. Kila aliyempigia simu aliambiwa yuko njiani. Kwa kuwa itifaki hairuhusu mtu kutia tonge kinywani kabla ya mgeni kukaribishwa, uliniomba nianze mhadhara, na pilau ikafunikwa kitambaa. Harufu yake ilinisumbua hata mimi niliyekuwa nikihutubia.

Nilikuwa bado katika utangulizi nilipomwona Kapteni Hassan akitokwa na jasho. Kapteni ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Aliendesha tagi bandarini miaka mingi, akizivuta meli kubwa kama mitaa, na sisi sote twajua ana kisukari na kwamba akishameza dawa zake za asubuhi sharti ale mapema. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Chengo, mimi nataka kula." Nikamwonyesha kwa kiganja kwamba maswali yatachukuliwa mwisho.

Baada ya hapo mikono yake ikaanza kutetemeka, na akaniita kwa jina la kaka yake, ambaye tulimzika zamani. Nikaelewa kwamba mambo si ya kawaida. Sikupuuza, Bwana Mwenyekiti, na nataka hilo liingie katika kumbukumbu: niliinua mkono papo hapo na kukuomba hoja ya nidhamu. Ukaamua, na kisheria hukukosea, kwamba msemaji hawezi kujikatiza mwenyewe. Nikaendelea. Kuna ukurasa niliousoma mara mbili, na sikumbuki uliandikwa nini.

Kapteni akaanza kuteleza kutoka kitini. Bi Dama akakata mbele ya meza kuu bila kuinama wala kuomba njia, akanigeukia na kusema, "Mzee Chengo, hebu nyamaza kidogo. Sukari imemshuka huyu."

Nimekagua shule kutoka Kisauni hadi mipakani. Nimeingia madarasani walimu wakasahau majina yao wenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze, achilia mbali kidogo.

3. Alifungua soda ya mgeni wa heshima.

Soda ile ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheupe, na gilasi yake pembeni. Kila mtu aliijua ni ya nani. Bi Dama aliinyakua, akaitegesha kwenye ukingo wa meza kuu, akaipiga kwa kiganja na kizibo kikaruka. Hakutafuta kifunguo. Meza ile si yetu, tuliazimwa, na sasa ina kovu.

Akamwinua Kapteni kichwa na kumnywesha funda kwa funda, huku akimwambia, "Meza, baba. Meza tena. Hivyo hivyo." Wewe ulisimama ukauliza, kwa upole, kama haingewezekana kumpa maji kwanza, ili soda ibaki. Alikujibu maneno ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa barua hii itasomwa mbele ya akina mama, ingawa wao ndio waliocheka zaidi.

4. Aliwalisha watu.

Kapteni alipofumbua macho vizuri na kuniita Chengo, kwa jina langu halisi, niliona sasa utaratibu utarudi. Nilikuwa nimeweka kidole pale nilipoishia. Lakini Bi Dama alifunua sufuria na kumpakulia pilau, na alipokwisha kumpakulia yeye akampakulia aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu naye, bila ufunguzi, bila neno la shukrani, bila kuuliza nani alikuwa na cheo gani. Aliyekuwa meneja wa benki, ambaye ni wewe, alipata sahani baada ya dereva wa basi. Wanachama wakavuta viti wakakaa duara kumzunguka mgonjwa, wakila na kusimulia habari za wajukuu. Kwenye meza kuu tukabaki mimi na wewe, Bwana Mwenyekiti, na chupa tupu.

Matokeo yake ni kwamba mhadhara wangu juu ya matumizi bora ya wakati haukumalizika, kwa kukosa wakati.

5. Amepokea shukrani zisizo zake.

Wiki iliyofuata, kama Kamati ya Ustawi ninayoiongoza, tulikwenda kumjulia hali Kapteni nyumbani kwake. Nilikuwa nimeandaa risala. Mke wake, Bi Jalila, alitupokea vyema, akatuletea kahawa na kaimati, akatusikiliza. Nilipofika mahali pasemapo "chama kilichukua hatua za haraka", aliweka birika chini.

"Mzee Chengo, nakuheshimu kama kaka yangu," akasema. "Lakini mume wangu alikuwa atetemeka mbele yako, nawe wauliza kama yaruhusiwa kusimama. Hatua mlizochukua ni zipi, nami nizijue?"

Nilimweleza kuhusu hoja ya nidhamu. Akaniongezea kahawa, jambo lililoniuma kuliko kama angenifukuza. Tulipokuwa tukitoka, Bi Dama akaingia na kifaa chake cha kupimia sukari, na Bi Jalila akamkumbatia mlangoni, akamshika mikono yote miwili na kuibusu. Sisi wa kamati tulipita pembeni yao kutafuta viatu vyetu.

Kwa sababu hizo, Bwana Mwenyekiti, naomba chama kiamue yafuatayo.

(a) Bi Dama aandike barua ya kuomba radhi kwa meza kuu, kwa kamati ndogo ya sufuria, na kwa mgeni wa heshima pindi atakapofika.

(b) Mwanachama yeyote anayekusudia kuzidiwa katika shughuli za chama atoe taarifa kwa katibu mapema, akieleza ugonjwa, na awe mvumilivu mpaka jambo lake lifikiwe katika ajenda.

(c) Anayemwokoa mwenzake awe mwanakamati. Kama hakuna mwanakamati aliye karibu, mgonjwa asubiri.

(d) Kupona kwa Kapteni Hassan kuandikwe katika ripoti ya mwaka kama ufanisi wa Kamati ya Ustawi, na picha yangu iwekwe.

(e) Hili ndilo kubwa. Nimelitafakari sana na nimeridhika kwamba Kapteni alipona kinyume cha utaratibu. Kupona huko hakukupendekezwa na mtu, hakukuungwa mkono, wala hakukupitishwa. Hakuwezi kutambuliwa na chama. Napendekeza kwa hiyo kwamba katika matembezi yajayo, mgeni wa heshima akiwa ameketi na soda mpya ikiwa mezani, Kapteni azidiwe tena, kwa mpangilio, baada ya utangulizi wangu. Mwenyekiti atamtambua. Mimi nitatoa hoja, mhandisi ataiunga mkono, na kamati ndogo itamletea chakula. Bi Dama anaweza kuhudhuria kama mtazamaji, mradi mikono yake iwe mapajani.

Najua wapo watakaouliza: je, na kama kamati itachelewa? Ninajibu kwamba chama hiki kimewahi kupoteza wanachama, na katika kila msiba tumejipanga vizuri sana. Viti huja, turubai husimama, wasemaji huwa tayari na hotuba zao hugawiwa nakala. Hapo hatujawahi kulaumiwa na yeyote.

Nafunga kwa heshima zote. Nisalimie Mama nyumbani, wanao walio Nairobi, mhandisi na goti lake, na wanachama wote kwa vyeo vyao, kuanzia cha juu kushuka.

Wako katika utumishi uliokwisha,

Chengo Mwarandu
Mkaguzi wa Shule (Mstaafu), Mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Sufuria (bado)

Baada ya sahihi: Juzi nilikuwa natafuta bahasha Kapteni alipobisha hodi. Alikuja kunipa habari kwamba Bi Dama ameanzisha chakula chake cha Alhamisi, nyumbani kwake Bombolulu, saa ile ile ya mkutano wetu. Hakuna meza kuu. Hakuna mhadhara. Kila mtu anakuja na chakula alichopika kwa mkono wake, na watu wanakula wakishakaa. Nilimuuliza Kapteni kama atakwenda, akasema, "Twaenda. Jalila amekwisha kusema kiti cha nyuma cha gari utakaa wewe." Nilimwambia kwamba mimi nimemshtaki mwenye nyumba. Akasema Bi Dama anajua, maana mimi huandika nikisoma kwa sauti na ukuta wetu ni mmoja, na ameuliza kama napenda pilipili.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, sitakuwapo barua hii ikisomwa. Tangu jana najifunza kupika maharagwe ya nazi. Ya kwanza yaliungua, nikampigia Bi Dama, akanielekeza kwenye simu hatua kwa hatua mpaka tui likatulia, wala hakunicheka sana. Bi Mueni naye anakuja, kwa hiyo hutakuwa na katibu. Mhandisi anakuja. Dereva wa basi ndiye atakayewaleta.

Ukifika ukumbini ukajikuta peke yako, usikae ukaahirisha kikao. Njoo Bombolulu. Bi Dama amesema wewe ulete kachumbari, na vitunguu ukate mwenyewe.